Somoe, hivyo vidonge usivimeze

Kwako Somoe,

Salaam nyingi shoga yangu. Huku Chikongola hatujambo, mafua ya kipupwe tu yanazunguka nyumba nzima. Mama Zuhura kakuulizia, nimemwambia una malaria. Siri yako ninayo.

Tangu juzi simu yako haipatikani, ndiyo maana nimemkimbilia Fadhili na barua hii kabla basi la Newala halijatoka. Ile picha ya vidonge ulivyouziwa baada ya kuona damu na mimba bado changa, nimeikuza mpaka macho yakauma. Vidonge vinne, vimekatwa na mkasi, jina limebaki mkia tu: "sterone". Progesteroni inaishia hivyo, na noretisteroni nayo inaishia hivyo hivyo! Ya kwanza ndiyo homoni inayoshikilia mimba. Ya pili wanawake humeza kusogeza hedhi, mjamzito hapewi. Huyo muuza dawa alikuuliza hata wiki zako?

Siyo kwamba naikataa homoni. Kwa mimba ya Rajabu, baada ya zile mbili kutoka, si niliitumia? Lakini daktari alinipima kwa utrasaundi kwanza, akaona moyo unapiga, ndipo akaandika progesteroni ya kuweka ukeni, miligramu 400 asubuhi na jioni, mpaka wiki ya 16. Akanieleza Waingereza waliijaribu kwa wanawake zaidi ya 4,000 waliotokwa damu mimba ikiwa changa, majibu yakatoka 2019: iliwafaa waliowahi kuharibikiwa na mimba. Wengine haikuwaongezea kitu. Na hii yako ni ya kwanza, Somoe. Kuna na ile homoni ya kutengenezwa iliyoitwa DES, kule Marekani wajawazito walipewa tangu miaka ya 1940 ili mimba isitoke, hadi 1971 ikaonekana baadhi ya mabinti waliozaliwa wanapata saratani ya uke. Nikiikumbuka nasisimka.

Ila kilichoninyima usingizi ni yale maumivu ya upande wa kushoto, uliyoyataja mwishoni kama kitu kidogo. Damu na maumivu ya upande mmoja yaweza kuwa mimba iko nje ya kizazi. Hiyo haina kidonge cha homoni, na ikipasuka inaua. Nenda hospitali ya wilaya leo hii, usinisubiri. Wakisema uje hospitali ya Ligula huku Mtwara, nitakupokea stendi, hata iwe usiku.

Umeshameza vingapi? Damu inaongezeka? Unasikia kizunguzungu, au maumivu yanapanda begani? Shemeji anajua? Kama hajui, mpe barua hii aisome mwenyewe.

Fadhili anageuza saa nane. Mpe jibu hata la mdomo.

Wako,
Mwanahawa