Mafundi, msiuze rejeta zetu za shaba kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na wenzangu wenye magari ya zamani huku kusini, na mafundi wetu pia, maana jambo hili limeniuma sana na naona linaendelea kila siku.

Nina Land Rover 109, Series III, ile ya petroli ya cc 2286, aliniachia marehemu mzee. Gari hii ndo ilikuwa inashusha korosho toka Tandahimba mpaka Mtwara mjini enzi hizo njia mchanga mtupu na daraja la Rufiji bado halijafunguliwa, hilo lilikuja 2003, kwahiyo pale nyumbani tunaiheshimu. Mwaka jana ikaanza kuchemsha. Nikaipeleka gereji, fundi akaangalia dakika tano akasema rejeta, kile chombo cha mbele kinachopoza maji ya injini, imekufa, weka ya alumini ya kisasa hutasumbuka tena. Nikakubali. Wakakata vishikio, mpira wa chini haulingani wakaulazimisha na klampu mbili, na lile bati linalozunguka feni wakalitoa eti halikai. Mjini ikawa poa kabisa, ila nilipotoka Masasi na mzigo kupanda mlima wa Newala, sijafika hata nusu sindano ya joto ishafika kwenye H, yaani moto. Narudi kuulizia rejeta yangu ya mwanzo naambiwa imeshauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa kilo! Bila kuniuliza.

Sasa ndugu zangu, sisemi alumini ni mbaya. Shaba inapitisha joto vizuri kuliko alumini, lakini alumini ni nyepesi na mirija yake inaweza kutengenezwa mipana, ndo maana rejeta ya alumini yenye mistari miwili ya mirija mipana inaweza kufanya kazi sawa na ya shaba yenye mistari minne myembamba, kwahiyo ukienda dukani usihesabu mistari tu ukadhani umemaliza, na pia mistari ikizidi sana hewa inapita kwa shida. Angalia ukubwa wa uso wake, angalia matundu ya mipira yanalingana na ya injini yako, angalia kama feni inakaa katikati na lile bati lake linafungika. Hilo bati watu wanalidharau sana. Gari ikienda taratibu mlimani upepo wa mbele haupo, feni ndo inavuta hewa, na bila bati inavuta kutoka pembeni badala ya kuvuta kupitia kwenye rejeta. Kwangu mimi naamini hapo ndo niliumia.

Ubaya mwingine ni matengenezo. Rejeta ya shaba ikitoboka Nanyamba au Ruangwa, fundi mwenye risasi ya kulehemu na moto anaiziba unaendelea na safari. Alumini sio kila mtu anaweza kuichomelea, na zile zenye tenki za plastiki zikipasuka ndo basi. Alafu alumini haitaki maji ya hovyo, na sisi huku pwani visima vingi vina chumvi, mtu anachota ndoo anamwaga humo humo, baada ya muda imeoza. Weka kulanti, yale maji maalum ya rejeta yanayozuia kutu, na kama unachanganya basi maji yaliyoondolewa madini kiwandani au angalau ya mvua. Hata ya shaba inaziba kwa maji ya chumvi, tofauti yake inazibuka.

Na hili ndo nililokuwa nataka kusema tangu mwanzo. Rejeta ya shaba kuchemsha sio lazima imekufa. Zima gari ikiwa na moto, feni imesimama, pitisha kiganja karibu na uso wake, ukikuta sehemu ni ya baridi ujue mirija hapo imeziba. Fundi wa rejeta anafungua tenki la juu kwa moto, anapitisha vyuma vyembamba kwenye mirija, anarudishia. Kama mirija imeoza anabadilisha sehemu ya katikati tu na tenki zako za zamani zinabaki, inafunga pale pale bila kukata kitu. Na kabla ya yote hayo angalia mfuniko wa rejeta (wa psi 13, hicho ni kipimo cha mgandamizo, unafanya maji yachemke karibu nyuzi 119 badala ya 100, ukilegea faida hiyo yote inapotea, ila usiweke wenye nguvu kuliko ule wa gari yako utapasua), na uliza kama themostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata moto, ipo au kuna fundi aliitoa zamani, maana kwenye baadhi ya injini ukiitoa maji yanazunguka bila kupita kwenye rejeta.

Mafundi wazibuaji wamebaki wachache na ni watu wazima. Vyuo vya ufundi vya VETA vipo Mtwara na Lindi, nawaomba vijana wafundishwe kazi hii kabla wazee hawajaondoka nayo. Na kila gereji, rejeta ya mteja ikitolewa arudishiwe mkononi mwake, aamue mwenyewe.

Mimi bado natafuta. Mwenye rejeta ya shaba ya 109 imelala uani, hata kama inavuja, hata kama kuku wanaatamia juu yake, tafadhali asimpe mtu wa mizani. Aniachie ujumbe kwa mafundi wa hapa Mikindani, nitaifuata popote ilipo.

Mwenye 109,
Mikindani, Mtwara