Jozi mbili za suruali ni suruali nne

Ndugu Mhariri,

Gazeti likiandika kwamba mtuhumiwa alikutwa na "jozi mbili za suruali", msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuhesabu suruali nne. Jozi ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja, kama viatu, soksi au hereni. Suruali ina miguu miwili lakini ni moja. Mkasi nao ni mmoja, na miwani ni moja. Kiingereza ndicho kinachoviita jozi, na mwandishi aliyetafsiri kwa haraka anabadilisha idadi ya mali iliyoibwa bila kukusudia. Tunaomba dawati lenu la lugha liyatazame upya maneno ya kuhesabia.

Linalosumbua zaidi ni "kipande cha". Tunasoma "kipande cha habari", "kipande cha ushauri", "kipande cha samani". Kipande ni kitu kilichokatwa, kilichochanwa au kilichovunjika kutoka kizima chake. Habari hazihitaji kukatwa: habari moja, habari mbili, imetosha. Ushauri unaweza kuwa wa mambo matatu, au ziitwe nasaha tatu. Samani zitajwe kwa majina yao, kiti, meza, kabati, na msomaji atajua zaidi. Kipande cha karatasi kipo, lakini ni kile kilichochanwa. Ikiwa nzima ni karatasi moja. Kwenye sabuni tofauti inaonekana wazi. Mche ni ule mrefu, kipande ni kilichokatwa kutoka kwenye mche. Ukiandika "vipande kumi vya sabuni" mahali palipokuwa na miche kumi, umeupunguza mzigo.

"Kipande cha nywele" ndicho kichekesho chenyewe, maana hapo lugha ilishamaliza kazi zamani. Nywele nyingi, unywele mmoja. Kiambishi u- kinautoa mmoja katika wingi: ukuni na kuni, ushanga na shanga, ukope na kope, udevu na ndevu, unyasi na nyasi. Kwa hiyo hata "nywele moja", inayosikika kila mahali, ni kosa katika maandishi sanifu. Mpelelezi huokota unywele.

Sasa upatanisho, ambako makosa ni mengi na marekebisho ni rahisi. Kitu kisichohesabika kikipewa neno la kipimo, namba na kiunganishi (la, ya, za) hufuata kipimo, si kitu chenyewe. Gunia moja la mahindi, magunia matatu ya mahindi. Kilo moja ya sukari, kilo mbili za sukari. "Kilo mbili ya sukari" hutokea kwa sababu umbo la neno kilo halibadiliki, mwandishi akasahau kwamba ngeli imeshahamia wingi. Namba ndefu nazo zina mtego: ni vikombe kumi na viwili, si "kumi na mbili", magunia ishirini na matatu, si "ishirini na tatu". Moja hadi tano, pamoja na nane, hupokea viambishi vya ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazipokei. Tarakimu huficha kosa la namba, lakini haifichi la kiunganishi: "magunia 23 za mahindi" bado inakwaruza sikio. Nusu ikae karibu na kipimo chake: lita mbili na nusu za maziwa, si "lita mbili za maziwa na nusu".

Kiswahili kina mpangilio wa pili ambao wahariri wengi huuona wa mitaani na kuufuta: maziwa lita mbili, chumvi kijiko kimoja, maji chupa tatu. Si wa mitaani hata kidogo, na mara nyingine ndio ulio sahihi zaidi. "Chupa ya maji" yaweza kuwa tupu, imetengwa tu kwa kazi hiyo. "Maji chupa moja" lazima maji yawemo. Angalia na kitenzi: chupa tatu za maziwa zilivunjika, maziwa chupa tatu yalimwagika. Kilichotangulia ndicho kinachoongoza sentensi, basi mwandishi achague anazungumzia kioo au maziwa.

Idadi ni ya vinavyohesabika, kiasi ni cha visivyohesabika. "Idadi kubwa ya maji" haiwezekani. "Kiasi cha watu mia" inaruhusiwa ikiwa maana yake ni takriban, si vinginevyo. Vilevile ni watu wachache lakini maji kidogo. Uliza maji kiasi gani au lita ngapi, usiulize "maji mangapi". Pesa ngapi haina tatizo: pesa ilikuwa sarafu ya kuhesabika, 64 kwa rupia moja katika koloni la Wajerumani.

Kuhusu makundi na mafungu, "kundi" limemeza mengine yote, nasi tunalisikitikia hilo kuliko makosa ya sarufi. Neno zuri la kuhesabia humweleza msomaji jinsi vitu vilivyoshikana. Kuni zilizofungwa kwa kamba ni tita. Zikitupwa ovyo ni lundo. Pamba iliyoshindiliwa na kufungwa ni robota. Samaki waliopitishwa ujiti ni mtungo. Nyuki ni bumba, zabibu ni kichala, noti ni bunda. Ndizi zina ngazi mbili: mkungu ni wote ulioangushwa kutoka mgombani, na chane ni safu moja katika mkungu huo, hivyo kuandika mkungu kwa maana ya chane ni kuzidisha mara kadhaa. Kwa vidogo, punje ni ya nafaka na chembe ni ya mchanga, vumbi au chumvi. Funda la maji hujaza mdomo. Ukufi ni kiasi kinachokaa kwenye kiganja kilicho wazi, konzi ni kile ambacho ngumi hufumbata.

La mwisho ni vipimo vya ujazo vinavyogeuzwa kilo ofisini. Debe, pishi na kibaba (vibaba vinne hufanya pishi moja) hupima nafasi, havipimi uzito. Debe la mahindi na debe la mkaa hayalingani kwenye mizani hata yakijazwa hadi ukingoni, na debe la kufuta, lililosawazishwa ukingoni, si sawa na debe la lumbesa, lililorundikwa kupita ukingo. Frasila ni jambo lingine, hiyo ni ya uzito, ratili 35 au karibu kilo 16, na inageuzika bila shida. Lakini mkulima akisema madebe kumi, mwandishi amuulize yalipimwa kilo ngapi; kama hayakupimwa, yachapwe madebe kumi.

Wasomaji wenu,
wahariri wa miswada