Mwanangu, Kipunji Alikuwa na Jina Tayari

Tukuyu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mama yako anavuna maharage, na bibi yako magoti yanamsumbua kwa baridi hii lakini bado hataki mtu amtekee maji. Mlima Rungwe hatujauona siku ya nne leo. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mashamba ya chai.

Ile kazi yako ya chuo kuhusu wanyama wa misituni uliyonitumia kwenye simu nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama baba, nikamwita mama yako nikamsomea kwa sauti. Mara ya pili niliisoma kama mwalimu mstaafu. Umeandika vizuri, lugha imenyooka. Ila ukurasa wa tatu, ulipomweleza yule mnyama wa jamii ya kima na nyani wa msitu wetu, kuna sentensi moja: "Kipunji aligunduliwa na watafiti mwaka 2003." Nikaiweka simu mezani, nikatoka kukaa barazani. Sijakasirika, usiogope. Nilimkumbuka babu yako, na nimeona afadhali nikuandikie kwa kalamu, maana kwenye simu nitafupisha.

Nilikuwa na miaka tisa. Lile shamba letu la juu, ambalo sasa limerudi kuwa pori, lilikuwa linagusana na msitu kabisa. Mahindi yakianza kukomaa, kima na nyani walikuwa hawatuachii kitu, kwa hiyo babu yako alitega vitanzi vya waya pembeni. Asubuhi moja tukamkuta mnyama kanasa mguu. Hakuwa anapiga kelele. Alikaa tu kwenye majani yenye umande, manyoya yake marefu yamelowa, rangi ya kahawia inayoingia kwenye kijivu. Uso wote mweusi, hadi kope. Mashavuni ndevu ndefu, na utosini nywele zimesimama kishungi. Mkia wake ulikuwa mrefu, na mwishoni umepauka kuwa mweupe. Alikuwa ameshika gunzi la hindi bichi na hakuliachia hata tulipofika karibu.

Babu yako akachuchumaa. Akasema, "Huyu ni kipunji. Huyu si wa kushuka huku, njaa imemleta." Akavua koti, akamfunika kichwa, akaniambia nimshike mgongoni huku yeye akilegeza waya. Mpaka leo mikono yangu inakumbuka jinsi moyo wake ulivyokuwa unadunda. Alipofunguliwa alikimbia kwa miguu mitatu, wa nne ameukunja, akapotea kwenye mianzi. Kisha tukasikia mlio wake kutoka juu, mlio ambao si wa kima wala mbega: unaanza kama mbwa anabweka, unamalizia kama honi ya lori iliyokwama.

Mwaka huohuo alikuja bwana mmoja wa serikali kuweka alama kwenye miti. Babu yako akamkaribisha, akampa maziwa mgando, akamweleza habari ya kipunji: sura, mlio, mahali anapolala. Yule bwana alicheka akasema, "Mzee, hao ni kima tu." Daftari lilikuwa mapajani pake na hakuandika hata neno. Babu yako hakulisema tena jambo hilo mbele ya mgeni. Alifariki mwaka 1998, miaka mitano kabla ya hao watafiti wako.

Sasa tuje kwa watafiti, maana nao wana haki yao. Mwaka 2003 Tim Davenport na wenzake wa WCS, shirika la kuhifadhi wanyamapori, walikuwa wanafanya kazi huku Rungwe, wanawauliza wawindaji ni wanyama gani wanaowapata msituni. Wazee wakamtaja kipunji. Kwa kuwa sisi Wanyakyusa tuna simulizi za wanyama wa kweli na za wanyama wa kimizimu vilevile, haikuwa rahisi kwao kujua kama wanaambiwa habari ya mnyama au ya mzimu. Wakapanda. Unaijua miteremko yetu na ukungu wake. Walimwona kwa kumkosakosa kwa miezi, mpaka Desemba ndipo walipomwona vizuri. Mwaka 2004, mbali kabisa, msitu wa Ndundulu kule milima ya Udzungwa, Trevor Jones na wenzake nao wakamwona mnyama huyohuyo bila kujua kwamba huku ameshaonekana. Mwaka 2005 wakamtangaza kwa pamoja, na katika jina lake la kisayansi wakaliweka neno la wazee: kipunji. Kwa hilo nawaheshimu sana.

Kisha mkulima mmoja wa huku Rungwe alitega shambani kwake, kama babu yako, na aliyenasa alikutwa amekufa. Mwili huo ndio uliowapa wataalamu nafasi ya kumpima na kuchunguza nasaba yake, wakakuta damu yake iko karibu zaidi na nyani kuliko na wale kima waliodhani ni ndugu zake. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la ukoo katika sayansi, Rungwecebus. Jenasi mpya ya kima wa Afrika haikuwa imeandikwa tangu 1923. Fikiria, mwanangu: miaka zaidi ya 80 dunia nzima inaamini imeshawamaliza kima wa Afrika, na wakati wote huo kuna mtoto Tukuyu aliyemshika mmoja wao mgongoni.

Usinielewe vibaya. Bila watafiti hao, kipunji angekuwa anaisha kimyakimya. Wao ndio waliohesabu, na hesabu yao ya 2008 ikaonyesha wamebaki 1,100 na kidogo, na kwamba mahali walipokuwa wakiishi, ukijumlisha kote, hapakufika kilomita za mraba 20. Wale wa Ndundulu hawakufika hata 100. Babu yako asingeweza kuzijua hesabu hizo; yeye alijua mlima wake. Ninachokuomba ni neno tu. Andika "alithibitishwa", andika "alielezwa kisayansi". Kugundua ni kukijua kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakijua.

Na wala si sisi peke yetu. Tangu nistaafu nimekuwa nasoma sana habari za wanyama wa misitu ya mbali, na karibu kila ninapofungua nakuta kisa hikihiki.

Chukua okapi wa Ituri, kule Kongo. Umemweleza vizuri kwenye kazi yako: miguu yenye milia kama punda milia, ulimi mrefu unaofika kulamba macho na masikio yake mwenyewe, na kumbe ni ndugu wa twiga. Lakini hukusema dunia ilimjuaje. Wambuti, wenyeji wa msitu ule, walikuwa wakimnasa kwenye mashimo tangu zamani, na walimweleza Stanley, yule msafiri wa Kizungu, alipopita. Naye aliandika mwaka 1890 kwamba wanamjua mnyama kama punda anayekula majani ya miti. Miaka kumi baadaye Harry Johnston, mtawala wa Kiingereza pale Uganda, aliwakomboa Wambuti waliokuwa wamekamatwa na Mjerumani mmoja ili wapelekwe kuonyeshwa Paris kama vitu vya maonyesho. Alipokuwa anawarudisha kwao akawauliza habari za mnyama huyo, wakamweleza kila kitu. Walipofika msituni wenyeji wakamwonyesha nyayo zake, nyayo za kwato mbili. Yeye kichwani alikuwa ameshaamua kwamba anatafuta punda, na punda ana ukwato mmoja. Akaona wanampoteza, akakataa kuzifuata.

Hapo ndipo niliposimama kusoma. Alikuwa amesimama juu ya nyayo zenyewe!

Alichopata safari hiyo ni vipande vya ngozi tu, vile ambavyo askari walikuwa wamevifanya mikanda. Akavipeleka London, nako wakampa mnyama jina la ukoo wa farasi. Mwaka 1901, Msweidi mmoja aliyekuwa afisa kule Kongo, Karl Eriksson, alipompelekea fuvu na ngozi nzima, ndipo wakakubali kwamba ni jamaa ya twiga na kwamba kwato zake ni mbili. Hizo kwato mbili wenyeji walikuwa wamemwonyesha tangu mwanzo.

Kuna jambo la okapi nilimsomea mama yako, akanyamaza kwa muda mrefu. Okapi akizaa humficha mtoto kichakani, na mtoto hukaa hapo wiki nyingi akimngoja mama aje kumnyonyesha. Kwa mwezi mzima na zaidi mtoto hatoi choo, ili chui asiipate harufu yake. Mama na mtoto huitana kwa sauti nzito mno, ambayo sikio la mtu haliipati. Na wanyama wenye uangalifu wa namna hiyo, Juni 2012 watu wenye silaha walivamia kituo cha Epulu, hukohuko Ituri, wakaua watu, wakiwemo walinzi wa msitu, na kati ya okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale hakusalimika hata mmoja.

Kisa kingine ni cha saola, mnyama wa jamii ya ng'ombe wa milima ya Annam, mpakani mwa Vietnam na Laos. Mwaka 1992 watafiti walikuta pembe ndefu zilizonyooka zimetundikwa kwenye nyumba za wawindaji wa Vu Quang. Kwao zilikuwa ajabu, kwa wenye nyumba lilikuwa pambo la ukutani. Hata jina saola ni la watu wa kule, limetokana na nguzo za chombo cha kusokotea nyuzi, kwa jinsi pembe zake zinavyofanana nazo. Picha ya mwisho ya kamera ya msituni ni ya 2013. Tangu hapo hakuna aliyemwona kwa uhakika, na misitu ile imejaa vitanzi vya waya, waya uleule tuliokuwa tunautumia sisi. Haviwekwi kwa ajili ya saola. Vinawekwa kwa nguruwe na paa, naye anapita tu. Najua kitanzi kilivyo, mwanangu. Hakichagui mguu.

Mwezi ujao unakwenda Udzungwa kwa mafunzo ya vitendo, kwa hiyo nikukumbushe na kwale. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark wakiwa kambini kwenye misitu hiyo waliona miguu ya ndege ndani ya sufuria ya mboga, miguu wasiyoifahamu. Wakaanza kuuliza. Kumbe ni kwale ambaye hakuwamo kwenye kitabu chochote, na ndugu zake wa karibu wako misitu ya Asia. Wapishi walikuwa wanamjua kwa ladha.

Kwa hiyo ukifika huko, usikimbilie kwenye kamera. Nenda jikoni. Kaa na akina mama wanaookota kuni na uyoga. Wao huingia msituni mara nyingi kuliko askari wa doria, na huwa hawaulizwi. Na ukiuliza, usitangulize picha. Ukimwonyesha mzee picha ya mnyama atakubali kwamba anamjua, kwa heshima tu, hasa akiona umetoka mbali. Muulize kwanza kama mtu asiyejua: kuna nani humu, analia vipi, anakula nini, mavi yake yakoje, mnamwitaje. Andika jina kama linavyotamkwa, hata kama hulielewi. Picha ije mwisho.

Wawindaji watakuogopa. Sare yako itawatisha, kwa sababu wanachokijua ni kosa kisheria, na mtu hawezi kukueleza njia za mnyama bila kujieleza yeye mwenyewe. Usiwadanganye na usiwachongee. Ivue sare siku hiyo ukiweza, uombe ruhusa kwa mkuu wako kwanza. Na ukishawasikiliza, mtu akikubali, liandike jina lake kwenye ripoti. Yule mkulima wa mtego wa Rungwe sijawahi kukutana na jina lake popote nilipopasoma. Huenda hakutaka litajwe. Nimekuwa namfikiria sana.

Wiki iliyopita nilipanda na jirani yetu hadi pale shamba letu la juu lilipokuwa. Miti imeshakuwa mikubwa, sikuyatambua hata mafiga ya kibanda. Tulikaa mpaka saa nne asubuhi, ukungu mtupu, hatukuona kitu. Tulipokuwa tunageuka kushuka, jirani akanishika mkono. Juu kabisa, upande wa mianzi, ulikuja mlio ule, mara mbili. Sikuwa nimeusikia tangu kabla hujazaliwa.

Bibi yako nilipomweleza hakusema neno. Aliinuka taratibu na magoti yake, akaingia jikoni, akaniletea ule waya wa kitanzi cha kipunji. Alikuwa nao miaka yote hii, ameukunja ndoano, anatundikia vikombe. Ameniambia nikupelekee. Nimeufunga kwenye karatasi ndani ya mfuko wa unga wa mahindi niliompa dereva wa basi, pamoja na koti, kwa kuwa Udzungwa nako juu kuna baridi. Ukiupokea nipigie.

Baba yako