Kabla hujaitupa sensa, iulize jina

Mhariri, naomba kanafasi maana hili jambo limenikera siku nyingi. Mtu ananunua sensa ya joto na unyevu, anaunga waya, anakopi programu ya mwenzake, ikitoka eror moja tu basi sensa ni mbovu, pipani. Mimi mwenyewe nimeshatupa mbili hivyo hivyo na leo naapa moja ilikuwa nzima, ni mimi nilipishanisha waya wa SDA (wa data) na wa SCL (wa kupanga mwendo wa data).

Dawa iko kwenye ile skrini nyeusi ya kuandikia komandi watu wanayoiogopa. Kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo) unaiwasha I2C (njia ya waya mbili ambayo kila sensa ina anwani yake) kwanza ndani ya raspi-config (wengi wanakwama hapa hapa), unaandika sudo apt install i2c-tools (sudo ni kuomba mamlaka ya msimamizi wa kompyuta), ikimaliza unaran i2cdetect -y 1 na inakuchorea jedwali, BME280, sensa ya joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, itatokea kwenye 76 au 77. Ukiona vistari vitupu usihangaike na programu, rudi kwenye waya. Ukiona UU usishtuke, kuna draiva imeshaikamata hiyo anwani.

Sasa kuonekana kwenye jedwali hakumaanishi umeuziwa ulichotaka. Kuna BMP280, hii inapima joto na mgandamizo wa hewa tu, unyevu haijui kabisa, ila inakaa kwenye anwani zilezile na wauzaji wengine wanaiuza kwa jina la BME280. Nilihangaika siku mbili natafuta unyevu ambao haupo, nimebadilisha laibrari mara tatu, kumbe swali la kuiuliza chipu namba yake ya utambulisho ni moja tu: i2cget -y 1 0x76 0xd0. Ikijibu 0x60 ni BME280 yenyewe, ikijibu 0x58 umepigwa. Yangu ilijibu 0x58.

Namba kuonekana kwenye skrini nayo haitoshi. DS18B20, sensa nyingine ya joto, ikisema nyuzi 85 wakati wewe umekaa hapo umevaa sweta, hilo sio joto la chumba, ni namba inayokuwemo sensa inapowashwa tu kabla haijapima chochote. Ikiwa kwenye biti 12 (mpangilio wake wa kupima kwa undani zaidi) inahitaji hadi milisekunde 750 kupima, programu yenye haraka inaondoka na 85 yake na kesho mtu anaichora kwenye grafu.

Halafu hii tabia ya kumwambia mtu aweke sudo mbele ya kila kitu, jamani. Kuinstoli sawa, lakini kusoma sensa ya USB inayokataa kwenye /dev/ttyUSB0? Kwenye Debian (mfumo wa Linux) na ndugu zake jiunge na kundi la dialout, linaloruhusiwa kutumia milango hiyo, sudo usermod -aG dialout $USER, toka uingie tena, yamekwisha. Na pip, ile inayoinstoli vifurushi vya Python, ikigoma kuinstoli, maana tangu Debian 12 ya mwaka 2023 inagoma kuchanganya vitu vyako na vya mfumo, watu wanaelekezana kubandika --break-system-packages wakati jina lenyewe linakwambia unaenda kuvunja! python3 -m venv, inayokutengea chumba chako cha Python, ni mstari mmoja tu, hata haichoshi vidole.

Kwa hiyo Mhariri, ukurasa wenu wa teknolojia ukielezea tena namna ya kuunga sensa, ile komandi ya 0xd0 iwekeni juu kabisa, kabla hata ya picha ya waya.

Msomaji wenu, mtupaji sensa mstaafu