Kabla hatujaondoa Windows kwenye kompyuta yako, tuambie kazi unayoifanya

Tangu Oktoba 2025, karibu kila juma mteja anaweka laptopu juu ya meza yetu hapa Busia, Uganda, na kuuliza: "Inaniambia Windows 10 imefika mwisho. Sasa nifanyeje?" Kompyuta yenyewe haina ubovu. Inawaka, inaandika, inachapisha. Kilichokoma tarehe 14 Oktoba ni marekebisho ya usalama ambayo Microsoft ilikuwa ikiyatoa, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza unaofikia Oktoba 2026.

Wengi wanajaribu kupanda hadi Windows 11 na kukataliwa. Fungua mipangilio ya kompyuta uone jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Ukikuta i5-6300U, ile 6 baada ya kistari ndiyo kizazi chake. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 inaanzia kizazi cha 8. Ndiyo maana HP EliteBook 840 G3, mashine imara ambayo wengi wenu mmeinunua mtumba, imeachwa nje ya mlango ingawa bado ina nguvu za kukufanyia kazi miaka kadhaa. Inatuuma kuona mwalimu akiambiwa akakope pesa za kununua kompyuta nyingine wakati aliyonayo inatosha.

Kwa mashine kama hizo tunapendekeza Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta unaoshika nafasi ya Windows, na kwa mtu anayeanza tunamwekea aina yake iitwayo Linux Mint. Ni bure kabisa, haina ufunguo wa kununua wala wa kuiba. Menyu yake iko chini kushoto pale mkono wako ulipozoea, na kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 inaiendesha vizuri. Wengine mmesikia Ubuntu, Linux ya aina nyingine iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Neno lenyewe ni ndugu wa "obuntu" tunaousema kwa Kiganda. Mint imejengwa juu ya msingi wa Ubuntu, ila kwa aliyetoka Windows tunaona Mint haimshtui.

Lakini hatukuwekei siku ile ile unayofika. Sababu ni kosa tulilolifanya wenyewe.

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alituletea kompyuta iliyolemewa na virusi. Tulinakili faili zake, tukafuta Windows, tukaweka Linux, akaondoka akishangaa jinsi ilivyo nyepesi. Jioni alirudi. Hesabu za duka lake alikuwa akizitunza kwenye programu ya Windows. Faili zote zilikuwepo, lakini hapakuwa na kitu cha kuzifungua. Tulimrudishia Windows usiku ule bila malipo, ila siku nzima ya mauzo alikuwa ameandika kwenye daftari, na wadeni wake hakuweza kuwaona. Linux haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu, kwa kuangalia mashine bila kumuuliza mwenye mashine.

Sasa tunakaa na wewe nusu saa kwanza. Tunakuomba ufungue kompyuta na utuonyeshe siku yako: asubuhi unafungua nini, unamtumia nani, unachapisha kwa printa gani. Kama siku yako ni barua, mitihani ya wanafunzi, baruapepe, WhatsApp ya kwenye brauza, tovuti ya mamlaka ya mapato (URA), filamu na muziki, una nafasi nzuri sana. Firefox ipo ndani tayari, Chrome inapatikana, na LibreOffice inafungua faili zako za Word na Excel. Kama unaishi ndani ya Photoshop, CorelDRAW, AutoCAD, au programu ya hesabu ya kusakinishwa kama Tally na QuickBooks, tutakuambia ubaki na Windows au uweke zote mbili kwenye diski moja. Wakala wa forodha anayetumia ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha, tunaujaribu mbele yake kabla ya kuamua lolote. Na ukiwa na faili za Excel zenye makro, yaani amri ndogo zinazojiendesha zenyewe ndani ya faili, zilete. Hizo mara nyingi zinagoma kwenye LibreOffice.

Wenye maduka ya fotokopi tuna neno nanyi, kwa sababu ninyi ndio Linux inawafaa kuliko mtu mwingine yeyote mjini. Mnajua virusi vya shotikati. Mwanafunzi anakuja na flashi, unaichomeka, folda zake zote zimegeuka shotikati, ukibonyeza moja tu kompyuta yako nayo imeambukizwa, na kuanzia hapo kila flashi inayopita dukani kwako inaondoka na ugonjwa. Mteja anaanza kusema duka lako ndilo linaloharibu flashi. Virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Vinachofanya ni kuyaweka mafaili halisi alama ya kufichwa, kisha kutanguliza shotikati zinazoendesha programu yao. Linux haifuati alama ile ya kuficha, kwa hiyo ukichomeka flashi hiyo hiyo unaona shotikati zisizofanya kitu na, pembeni yake, folda halisi za mwanafunzi zikiwa salama. Unazinakili, unachapisha, unamrudishia kazi yake. Tumewahi kuokoa ripoti ya mafunzo ya mwanafunzi wa chuo kwa njia hii, akiwa amebakiza siku moja kuikabidhi, na machozi yalikuwa karibu. Sisemi Linux haiwezi kushambuliwa kabisa. Nasema ugonjwa huu unaowasumbua kila siku hauna pa kushika.

Kuna mengine utakayoyaona wiki ya kwanza. Hakuna diski C. Faili zako zinakaa kwenye folda inayoitwa Home. Faili za setup zinazoishia na .exe hazifanyi kazi, na hilo ndilo linalowachanganya watu kuliko yote; programu unazichukua kwenye Software Manager, ghala lililomo ndani ya Mint yenyewe. Herufi za Calibri hazipo, tunakuwekea Carlito yenye vipimo sawa ili kurasa zisihame. Hata hivyo, waraka wenye majedwali mengi unaweza kuyumba kidogo ukirudi kwenye Word, hivyo ukiwa umemaliza, tuma PDF.

Kwa upande wa bando, utapumua. Tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 juu ya data, na hakuna anayetaka kompyuta inayojipakulia masasisho wakati anatuma barua moja. Mint inakuonyesha alama ndogo kwamba kuna masasisho, kisha inasubiri uamue. Usiyapuuze miezi na miezi, lakini unachagua siku, hata kama ni siku ya kuja kukaa dukani kwetu na kutumia intaneti yetu. Simu ya Android ukiiunganisha kwa waya na kuwasha "USB tethering" kwenye mipangilio yake inatoa intaneti mara moja bila kusakinisha kitu.

Jambo moja lazima tuliseme wazi: Linux haifufui diski iliyochoka. Kama kompyuta yako ina diski ile ya zamani inayozunguka na inatoa mlio, tutakushauri uweke SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, kwanza, hata ya gigabaiti 240. Mara nyingine hilo pekee linatosha na Windows yako inaendelea hadi utakapokuwa tayari kuhama.

Kazi inakwenda hivi. Baada ya mazungumzo, tunakupa Linux Mint kwenye flashi. Unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, Windows ikiwa haijaguswa, na unajaribu printa, sauti, Wi-Fi na faili zako hapo hapo mezani. Kitu kikigoma, tunaonana nacho mapema. Ukiridhika, tunanakili faili zako zote kwenye diski ya pembeni, unazifungua mwenyewe chache kuhakikisha, ndipo tunasakinisha. Tunawasha pia Timeshift, ambayo hutunza picha ya mfumo ili ukiharibu mipangilio turudi nyuma. Gharama ni shilingi 40,000, pamoja na somo la saa moja siku hiyo na lingine wiki inayofuata. Mazungumzo ya kwanza hayalipiwi, hata tukiishia kukuambia usibadilishe chochote.

Ukija, lete chaja, maana umeme ukikatika katikati ya kusakinisha na betri imekufa, tunaanza upya. Lete nywila za baruapepe yako zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi. Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Microsoft inayoficha data ya diski, lete na ule ufunguo wake wa tarakimu 48. Na kama kuna printa unayoitegemea, pandisha kwenye boda uje nayo.