Mkiombwa anwani na mtu wa boti msimkatalie

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua.

Wiki mbili zilizopita mlitoa barua ya msomaji mwenzetu aliyeko huku Uingereza, anawaonya watu wenye nyumba wasikubali kabisa mtu apokelee barua zake kwao, eti wanaoomba anwani ni watu wa madeni au wanaikimbia serikali. Nimeisoma mara tatu na imeniuma, kwasababu mi mwenyewe ni mmoja wa hao waombaji. Naishi kwenye boti London, huu mwaka wa sita, nafanya kazi ya kulea wazee, kodi nalipa, deni la mtu sina. Ninachokosa ni namba ya nyumba.

Wengi nyumbani wakisikia boti wanafikiria starehe au wanafikiria umaskini wa kutupwa. Si hivyo. Ni boti ya chuma, ndefu nyembamba, yangu ina futi 50 kwa urefu na upana haufiki futi 7, zinatengenezwa nyembamba hivyo kwasababu loki za mifereji ya kule kati ya nchi, njia ya Birmingham, zimejengwa na upana wa futi 7 tangu enzi za kubeba makaa ya mawe kwa farasi. Loki ni kama chumba cha maji chenye milango mbele na nyuma, unaingia na boti, unafunga, unafungulia maji kwa mkono na spana yake maalum, boti inapanda au inashuka taratibu mpaka inalingana na maji ya upande wa pili, unatoka. Ukiwa peke yako loki moja inaweza kukula nusu saa. Marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi Pangani, kwahiyo kamba na kana nilivijua toka utotoni, ila loki nimejifunzia huku.

Sasa kuna aina mbili za watu wa boti. Wapo wenye gati lao la kudumu wanalolilipia, na tupo tusio na gati. Sheria ya mwaka 1995 inaturuhusu, ila lazima uwe unasafiri kweli, hukai sehemu moja zaidi ya siku 14 mfululizo, na pengine kibao kinasema siku 7 tu, labda uwe na sababu ya maana kama ugonjwa au injini imekufa au mfereji umeganda. Na usizunguke palepale, wanaosimamia mifereji wanasema mtu ambaye mwaka mzima hajavuka eneo la maili 15 mpaka 20 ni vigumu kuhesabika kwamba anasafiri. Kwahiyo leo nipo Hackney, baada ya wiki mbili nipo Tottenham, baadae napanda na mto Lea kuelekea Hertford, narudi. Gati London ni adimu na bei yake ni kama kupanga chumba, ndo maana wengi wetu tunatembea, na toka Aprili 2024 sisi tusio na gati tunaongezewa ada juu ya leseni, kila mwaka inapanda.

Maisha yenyewe yanataka utaratibu. Maji nina tangi la lita 400 hivi, nikijibana linafika wiki mbili, halafu naipeleka boti bombani naweka mpira, saa nzima nasubiri lijae. Umeme ni sola na betri, kiangazi unatosha mpaka friji, ila Desemba jua linachomoza kama linaona aibu, unawasha injini kuchaji, na injini hairuhusiwi kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 2 asubuhi ili majirani walale. Moto ni jiko la chuma na makaa yasiyotoa moshi, mfuko wa kilo 20 siku za baridi kali unaisha siku tatu nne, na kengele ya hewa ya sumu lazima iwepo na nadhani ndio kitu cha thamani kuliko vyote humo ndani, maana mtu anaziba matundu ya hewa apate joto halafu haamki. Na choo, wengi wanaona aibu kuuliza, ni kisanduku cha lita 20 chenye mpini kama sanduku la safari. Nina viwili. Jumapili asubuhi naweka kimoja kwenye kitoroli natembea njia ya kando ya mfereji mpaka kituo cha kumwagia, kina ufunguo wake tunapewa watu wa boti, namwaga, nasuuza mara mbili, narudi. Hayo yote mtu anazoea ndani ya miezi mitatu. Kisichozoeleka ni anwani.

Nyumbani tulikua na S.L.P. Barua za ukoo mzima zilikuja kwa sanduku la shule ya msingi alikofundisha mjomba, jina juu, "kwa mwalimu fulani" chini, na hakuna aliyeona ajabu wala aliyesema mjomba anaficha wahalifu. Huku kila kitu kimening'inia kwenye postikodi, yaani namba ya posta ya mtaa unaokaa. Benki, leseni ya udereva, bima, kadi ya simu, mwajiri, hata bima ya hiyohiyo boti fomu inakuuliza nyumba namba ngapi, na ukiacha wazi kompyuta haikubali kwenda ukurasa wa pili.

Niseme lililonikuta. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na uvimbe kwenye titi, nikapewa rufaa hospitali. Chumba nilichokuwa nimepanga nilishahama, mwenye nyumba aliniahidi atanitunzia barua, hakutunza. Tarehe ilipita. Ikaja ya pili, nayo ikapita. Siku napiga simu mwenyewe kuuliza mbona kimya naambiwa jina lako tumeliondoa, hukuja mara mbili, anza upya kwa GP, yule daktari wa mtaani. Nilikaa kwenye boti usiku ule na nguo za kazi sikuzivua, naangalia moto, nawaza kama huu uvimbe ni wenyewe, saratani, basi wiki tisa zimekwenda kwasababu ya bahasha. Haukuwa wenyewe, alhamdulillahi. Ila nilijifunza na ndio maana naandika.

Kwanza niwaambie wenzangu, maana kila mwezi napata meseji, dada nataka kununua boti nimechoka na kodi za London. Mdogo wangu, kabla hujaangalia injini wala kutu za chini, jiulize barua zako zitafikia wapi. GP ana wajibu wa kukuandikisha hata kama huna uthibitisho wa anwani wala kitambulisho, mapokezi wakikataa waambie kwa upole kwamba mwongozo wa NHS, huduma ya afya ya serikali, uko hivyo na wanaweza kutumia anwani ya zahanati yenyewe, na namba yako ya simu hakikisha ipo sahihi. Kura, kama uraia wako unaruhusu, inawezekana, kuna fomu ya kueleza una uhusiano na eneo fulani, hujidai unaishi nyumba usiyoishi. Posta wanaweza kukushikia barua kaunta, unaandikiwa jina lako na posta hiyo, za ndani ya nchi wanakaa nazo wiki mbili, za kutoka nje mwezi mmoja, unaenda na kitambulisho. Ila benki na leseni ya udereva hapo kaunta haitoshi, wanataka anwani ya kweli unayopatikana, na anwani ya leseni ikibadilika usipowaambia faini inaweza kufika paundi 1,000. Na kama uko kwa viza usisahau watu wa uhamiaji nao wanataka wajue umehama. Na mtu wa bima mwambie wazi kwamba boti ndio nyumbani, usimdanganye ili ushushe bei, siku ikizama ndio utajua.

Sasa nije kwenu wenye nyumba, ambao ile barua iliwatisha. Hofu ya kwanza ni deni. Deni la mtu linamfuata mtu mwenyewe na sio mlango wa nyumba, rekodi yako ya mikopo haiharibiki kwasababu bahasha ya binti wa mwenzio imeingia kwako, inaungana pale tu mkifungua akaunti pamoja au kukopa pamoja. Hofu ya pili ni kodi ya kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, hasa kwa wanaokaa peke yao na wanapunguziwa asilimia 25. Punguzo linaangalia nani anaishi humo, sio nani anapokea barua humo. Ila ni kweli kaunsili wakiona majina mawili wanaweza kukuandikia kuuliza, kwahiyo kubalianeni kabisa, huyo wa boti asijiandikishe kupiga kura kwako, na kwenye barua iandikwe kupitia kwa jina lako. Na kama unalipiwa nyumba na serikali waulize kwanza kabla hujakubali, hapo sikushauri ujifanyie mwenyewe. Hayo ni mazungumzo ya dakika kumi mkiwa na chai. Mtu akishindwa kukueleza barua zake zinatoka wapi mkatalie, una haki, lakini usikatae watu wote kwasababu ya mmoja uliyesimuliwa.

Na sisi tuna wajibu wetu. Usitumie anwani ya mtu kabla hujamwomba, eti barua zinaanza kuingia ndio unamwambia. Kila unachoweza kukihamishia onlaini kihamishe ili zibaki chache za lazima. Zifuate, usimwachie lundo. Ukiacha kuitumia, ifute kote ulikoiandika, hilo wengi wetu hatufanyi na ndio linalotuharibia jina.

Za kwangu zinaingia East Ham kwa shangazi mmoja mtu wa Mombasa. Si ndugu wa damu, tulikutana msibani. Anaziweka kwenye kopo la biskuti juu ya friji, hafungui hata moja, anapiga picha bahasha ananitumia. Ikiwa na nembo ya hospitali haandiki ujumbe, anapiga simu hapohapo, hata kama niko zamu. Jumamosi napanda basi kuzifuata, nakuwa nimembebea samaki, napewa na mfuko wa nguo zangu alizonifulia bila kumwomba.

Binti Nahodha,
London