Pweza wa mikono sita kwenye kitabu cha mashairi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee vitabu vya mashairi ya bahari vya watoto, hivi vyenye michoro kila peji, maana juzi nimeaibika mbele ya binti yangu wa miaka sita na sio kosa langu.

Tulikuwa tunasoma kabla ya kulala. Shairi linasema pweza ana mikono minane, poa, ni kweli. Binti akaweka kidole kwenye mchoro akaanza kuhesabu, moja mbili tatu, akaishia sita. Akahesabu tena. Sita. Nikamwambia mingine miwili iko nyuma, akageuza peji kuiangalia huko nyuma jamani, akakuta samaki mwingine kabisa! Sasa hapo unamjibu nini mtoto.

Nikaanza kukikagua kitabu chote mwenyewe. Nyangumi kachorewa mkia uliosimama wima kama wa papa, wakati mkia wa nyangumi umelala na anaupiga juu chini, ni mnyama yule, anapanda juu kuvuta hewa. Shairi la maji kujaa na kupwa linataja bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa sana kuliko siku nyingine (nilifurahi kweli kuliona hilo neno kwenye kitabu cha watoto) ila mchoraji kaweka mwezi nusu, na mwezi nusu ndo wakati wa maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu, bamvua inakuja mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Na sio mchoraji tu wa kulaumiwa, mshairi naye kamsifu mama farasi wa baharini kwa kubeba watoto tumboni, kumbe anayebeba mayai kwenye mfuko ni dume! Yani shairi zuri zaidi la bahari lilikuwa hapohapo, baba mwenye mimba, wamelipita.

Mie nahisi mshairi anaandika kivyake, anatuma, mchoraji anachora kivyake, halafu hakuna anayekaa na vyote viwili mezani kabla ya kuchapa. Mtoto ambaye hajajua kusoma anausoma mchoro wakati wewe unasoma maneno, kwa hiyo yeye ndo anakuwa mhariri wa kwanza, na hana huruma.

Lingine ni sauti. Mashairi haya yanasomwa kwa mdomo, sasa mstari mmoja una mizani kumi na moja unaofuata kumi na tano, ulimi unajikwaa, mtoto anaboreka. Sisemi kila kitu kiwe na vina, ila kama umeamua kutia vina basi tia kweli. Mie sio mshairi lakini usiku ule nilimtungia haya ya papo kwa papo:

Kaa huenda upande, miguu kumi hupinda,
umfukuze umwinde, shimoni ameshakwenda.

Nane kwa nane, na hiyo kumi nimehesabu na magando yake. Hapo kwenye "ameshakwenda" alicheka akataka nirudie, nikarudia mpaka nikachoka mie.

Na tafadhali, maneno meupe juu ya povu jeupe hayasomeki, hasa kwenye mwanga wa taa ya kitandani. Hili fupi tu.

Sikisemi kitabu kwa ubaya, rangi zake ni nzuri sana, kuna peji moja ya bahari usiku ambapo maji yanawaka kwa vijidudu vinavyong'aa, hiyo binti anaifungua kila siku na mie naipenda. Ndo maana inaniuma, kazi ilikuwa imebaki kidogo tu iwe safi.

Pweza naye ameshapata mikono yake minane. Asubuhi nilimkuta binti na penseli kamwongezea miwili, mmoja mrefu umevuka mpaka kwenye jina la shairi, na nimeamua kutoufuta.

Mzazi msomaji wenu